Rangi Mlangoni Hadi Machi: Mwongozo Kamili wa Kupanda Vyungu na Bustani kwa Majira ya Baridi Uingereza

Ukipanda Tanga au Mombasa mvua zikikaribia, unapanda ukijua kitu kitakua. Unachomeka kijiti cha bogenvilia, unaacha nafasi ya kutosha pembeni, na baada ya miezi michache nafasi yote imejaa. Uingereza, kuanzia katikati ya Oktoba, mazoea hayo hayakusaidii. Joto likishuka chini ya nyuzi 6 hivi, mimea mingi husimama kukua. Mchana nao unafupika kila siku, hadi kufika tarehe 21 Desemba London inapata mwanga kwa saa zisizotimia nane. Kwa hiyo chungu cha majira ya baridi hupandwa kikiwa kimeshajaa. Jinsi kitakavyoonekana jioni ya siku uliyokipanda ndivyo utakavyokiona mpaka Machi, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo moja.

Nauandika mwongozo huu kwa wenzetu wenye kibaraza, ngazi ya mlangoni, roshani ya ghorofani au kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Walioko Marekani kaskazini wana sehemu yao karibu na mwisho, maana baridi ya Minnesota inataka njia nyingine kabisa.

Panda mapema kuliko moyo unavyotaka

Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Udongo bado una joto la kiangazi, na mizizi inapata wiki kadhaa za kujishika kabla ya baridi kuifungia. Mche uliopandwa Septemba na ule uliopandwa mwisho wa Novemba unaweza kutoka duka moja, lakini kufika Januari utawatofautisha ukiwa mbali: mmoja umesimama na una maua, mwingine umelala na upepo unautikisa.

Kinachowachelewesha wengi ni huruma. Vyungu vya kiangazi huwa bado vinachanua mwezi wa tisa, na kung'oa ua lililo hai kunauma. Lakini tazama lile ua la Impatiens walleriana linalouzwa kila mahali hapa wakati wa kiangazi. Asili yake ni Afrika Mashariki, na zamani liliitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Halijui sakitu, ule umande unaoganda juu ya majani alfajiri. Usiku mmoja tu wa sakitu na shina lote linageuka maji na kulala chini. Kwa hiyo ling'oe wewe kabla baridi haijaling'oa. Pelagonia, zenye asili ya Afrika Kusini, ziingize ndani, uziweke karibu na dirisha lenye mwanga, na uzimwagilie kidogo sana mpaka Aprili.

Mahali kwanza, mimea baadaye

Wakati wa baridi hukai bustanini. Unaiona bustani ukiosha vyombo, ukitafuta funguo mlangoni, au ukitembea kuelekea gari. Simama kwenye sehemu hizo tatu na uangalie macho yako yanaangukia wapi, halafu weka chungu hapo. Chungu kimoja kikubwa unachokiona kila siku kina faida kuliko sita vilivyofichwa nyuma ya kibanda.

Fikiria na mwanga pia. Jua la Desemba hupita chini sana, na saa kumi alasiri giza limeshaanza kuingia. Zambarau iliyokolea na bluu nzito, zinazopendeza sana dukani chini ya taa, hupotea kabisa katika mwanga huo. Nyeupe, njano, waridi iliyopauka na rangi ya machungwa huendelea kuonekana hata jioni. Kama unapenda zambarau, iweke jirani na njano au nyeupe ili ipate kitu cha kuiinua. Na jizuie: rangi mbili au tatu kwa chungu zinatosha.

Chungu na udongo wake

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 9. Chungu cha udongo wa kuchoma hunywa maji, na yale maji yakiganda ndani ya kuta zake hukibandua vipande vipande au kukipasua. Ukinunua cha udongo, tafuta kilichoandikwa kwamba kimehakikishwa kuhimili sakitu. Chuma, mbao nene na plastiki nzito havina shida hiyo. Ukubwa nao ni muhimu: chungu kidogo huganda hadi katikati, kikubwa hubaki na moyo usioganda. Mimi sishauri chini ya sentimita 35 kwa upana.

Matundu chini ni lazima. Mimea mingi tunayodhani imeuawa na baridi huwa imeuawa na maji, yaani mizizi imekaa kwenye udongo uliolowa kwa wiki nane na kuoza. Kuna desturi ya zamani ya kujaza vigae au mawe chini ya chungu ili maji yapite. Achana nayo. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe. Hujikusanya juu ya yale mawe, karibu zaidi na mizizi. Weka kigae kimoja tu kuziba tundu nusu ili udongo usitoke. Kinachosaidia kweli ni kukiinua chungu kwa vipande vitatu vya tofali au miguu maalumu ya kuuzwa, ili maji yatoke bila kizuizi. Sahani ya chini iondoe hadi majira ya machipuko.

Udongo wa mifuko wa kupandia, usio na mboji ya kinamasi, unafaa. Changanya na changarawe ndogo au perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi), sehemu moja kwa nne za udongo. Usiongeze mbolea yenye naitrojeni nyingi wakati huu, kwa sababu itatoa majani laini ambayo sakitu ya kwanza itayamaliza.

Kuchagua mimea

Lebo za mimea Uingereza mara nyingi huwa na alama ya ustahimilivu, kuanzia H1 hadi H7. H3 inavumilia hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, H4 hadi 10, H5 hadi 15. Kwa chungu kitakachokaa nje chagua H5 kama ipo, kwa sababu mizizi iliyo chunguni haina ardhi ya kuikinga. H4 inatosha kusini mwa nchi na ndani ya miji mikubwa.

Pansi na viola ndizo msingi. Pansi zina maua makubwa, viola madogo lakini mengi. Nikilazimika kuchagua, nachukua viola: ua dogo halijai maji ya mvua na kuinama kama la pansi, na mmea unarudi haraka baada ya dhoruba. Asubuhi ya sakitu kali utazikuta zimelala, majani yamekuwa meusi kidogo na shingo za maua zimekunjika hadi zinagusa ukingo wa chungu. Usiziguse. Jua likipanda, maji yanarudi kwenye seli, na kufika saa sita mchana zimesimama tena zikikutazama.

Siklameni zinahitaji uangalifu dukani. Zile zenye maua makubwa zinazouzwa ndani ya maduka ya vyakula ni Cyclamen persicum, na hizo ni za ndani ya nyumba. Zile ndogondogo za aina hiyo hiyo zinazouzwa kwa ajili ya vyungu huvumilia baridi nyepesi mahali palipokingwa, kisha huondoka. Unayoitaka ikae miaka na miaka ni Cyclamen coum, inayochanua kati ya Januari na Machi, au Cyclamen hederifolium inayochanua mapema zaidi, kuanzia mwisho wa kiangazi.

Erika ni kichaka kifupi chenye maua madogo yaliyobanana. Tafuta Erica carnea au Erica × darleyensis. Hizi huchanua wakati wa baridi na hazisumbuki na udongo wenye chokaa. Siku za Februari zenye joto kidogo utaona nyuki wakubwa wenye manyoya wakizitembelea wakati hakuna kingine cha kula. Ndugu yake, Calluna vulgaris, huchanua mwisho wa kiangazi hadi Novemba na hutaka udongo wenye asidi. Ukiona dukani yenye maua ya bluu kali au njano inayong'aa, imepuliziwa rangi ya dawa. Iache.

Kwa umbo, chukua Skimmia japonica 'Rubella'. Ni kichaka kisichopukutisha majani, na tangu Oktoba hubeba vichala vya machipukizi mekundu ya maua ambavyo havibadiliki hadi vinapofunguka majira ya machipuko. Huyu ni dume, hazai matunda. Ukitaka matunda mekundu bila kutafuta jozi, kuna aina iitwayo 'Reevesiana'. Gaultheria procumbens nayo ina matunda mekundu, ni fupi na inafaa ukingoni.

Majani hudumu kuliko maua, kwa hiyo yape nafasi. Heuchera hupatikana kwa rangi ya divai, shaba, chungwa na kijani cha limau. Kabichi ya mapambo hukolea rangi usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, japo kufika Januari huanza kurefuka na kuchoka. Mtambaazi wa Hedera helix wenye majani yaliyopakana nyeupe humwagika pembeni na kuficha ukingo wa chungu.

Kupanda chungu kimoja, tangu mwanzo

Chukua chungu cha sentimita 40 kwa upana na kina kama hicho. Utahitaji skimmia moja ya chombo cha lita 2, heuchera mbili, erika mbili, viola tano au sita, na mtambaazi mmoja. Halafu vitunguu vya maua: tulipu 7, dafodili fupi za aina ya 'Tête-à-tête' 10, na krokasi 15. Vitunguu hivi hupangwa kwa tabaka kama biriani, na kila tabaka huja kwa zamu yake.

1. Mwagilia miche yote ikiwa bado kwenye vyombo vyake, saa moja kabla. Mche mkavu ukipandwa kwenye udongo wenye unyevu hubaki mkavu katikati kwa siku nyingi.

2. Weka chungu mahali kitakapokaa, juu ya miguu yake, kabla ya kukijaza. Kikijaa hutakiinua peke yako.

3. Jaza udongo hadi zibaki sentimita 22 au 23 kutoka ukingoni. Panga tulipu kwa duara, ncha juu, zisigusane wala zisiguse ukuta wa chungu. Katikati pasiwe na kitu, kwa sababu hapo itakaa skimmia.

4. Funika kwa sentimita 5 za udongo. Toa skimmia kwenye chombo chake na uikague mizizi. Ikiwa imezunguka na kukaza, ikwaruze kwa vidole mpaka ncha zilegee. Iweke katikati, ukihakikisha sehemu ya juu ya udongo wake itakuwa sentimita 3 chini ya ukingo.

5. Panga dafodili kwa duara kuizunguka skimmia, funika tena sentimita 5, kisha krokasi. Zote zinajua njia ya kwenda juu. Zikikutana na mzizi zinapita pembeni.

6. Sasa mimea ya juu. Heuchera mbili zisikabiliane sawasawa, sogeza moja kidogo. Erika jaza mapengo kati yake, viola mbele na pembeni, mtambaazi ukingoni upande unaoonekana zaidi. Ibane mpaka majani yaguse majani. Kiangazi ungeacha sentimita 15 kati ya mmea na mmea. Hapa acha upana wa kidole.

7. Sukuma udongo kwenye mapengo kwa vidole, usiukandamize kwa ngumi. Zile sentimita 3 za juu ziache wazi ili maji yasimwagike nje. Mwagilia taratibu hadi maji yatoke chini.

8. Kindi wakizoea kwenu, laza wavu wa kuku juu ya udongo kati ya mimea na uubane kwa vijiti vya waya. Wanachimbua tulipu na krokasi kwa siku moja, dafodili hawazili.

Kuhusu tarehe: dafodili na krokasi hupendelea kupandwa Septemba au Oktoba, tulipu Novemba, kwa sababu baridi hupunguza ugonjwa wa ukungu unaozichoma majani. Kwenye udongo mpya wa mfuko hatari hiyo ni ndogo, kwa hiyo kupanda zote pamoja mwishoni mwa Oktoba ni sawa.

Jambo moja la usalama. Vitunguu vya dafodili vinafanana sana na vya kupikia, na ni sumu. Usiviweke jikoni hata kwa saa moja, hasa nyumba yenye wageni wanaosaidia kupika. Vaa glavu kama ngozi yako huwashwa.

Ardhini: magome, harufu na matunda

Mwenye ardhi ana uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu anaweza kupanda vitu ambavyo rangi yake iko kwenye shina. Cornus alba 'Sibirica' ina vijiti vyekundu, na Cornus sanguinea 'Midwinter Fire' huanza njano chini na kupanda hadi chungwa na nyekundu nchani. Kiangazi ni vichaka vya kawaida tu. Majani yakidondoka Novemba ndipo vinapoonekana, na ukivipanda pale jua la alasiri linapotokea nyuma yake, kwa dakika ishirini kila siku vinawaka. Panda vitatu pamoja, kimoja hupotea.

Kama unataka kuona jinsi inavyofanywa vizuri, nenda Januari kwenye bustani ya majira ya baridi ya Cambridge University Botanic Garden, au Anglesey Abbey nje kidogo ya mji huo, ambako shamba la miti ya Betula yenye magome meupe kabisa limepangwa mwishoni mwa njia ya kutembea. Nenda na daftari. Utarudi na majina yaliyothibitishwa kwa macho yako.

Harufu huwashangaza wengi. Sarcococca confusa ni kichaka kifupi chenye maua meupe madogo yasiyovutia macho, lakini Januari kimoja kando ya mlango kinamkaribisha mgeni kabla hajabisha. Mahonia 'Charity' hutoa mikia ya njano kuanzia Novemba. Yule Jasminum nudiflorum mwenye maua ya njano kwenye matawi makavu ni wa ukoo wa asumini yetu, ila hanukii. Mpende kwa rangi tu. Helleborus hupenda kivuli chepesi. Kata majani yake ya zamani Desemba ili maua yaonekane na madoa ya ugonjwa yasihamie kwenye majani mapya.

Na usisahau Nerine bowdenii kutoka Afrika Kusini. Maua yake ya waridi kali hutokea Septemba hadi Novemba, wakati kila kitu kingine kinafunga virago. Panda kitunguu chake shingo ikiwa nje ya udongo, chini ya ukuta unaopata jua, kisha usikisumbue kwa miaka. Kikibanwa ndipo kinachanua.

Utunzaji kati ya Novemba na Februari

Kazi ni ndogo lakini haikwepeki. Chungu kilicho chini ya upenu hakipati mvua hata kama mtaa mzima umelowa. Chomeka kidole kila wiki. Kikiwa kikavu hadi kiungo cha pili, mwagilia asubuhi ya siku isiyo na sakitu. Mimea isiyopukutisha majani hupoteza maji kwa upepo, na udongo ukiganda haiwezi kunywa, kwa hiyo hakikisha imeshiba kabla ya wiki ya baridi kali.

Nyofoa maua ya viola yaliyokauka pamoja na kishingo chake, ukishuka hadi kwenye jani. Ukiacha yatengeneze mbegu, mmea unaona kazi imekwisha. Theluji ikikaa juu ya skimmia, itikise kwa mkono. Utabiri ukisema nyuzi 5 chini ya sifuri au zaidi kwa siku kadhaa, sogeza vyungu pamoja ukutani na uzungushie gunia au plastiki yenye mapovu, pembeni tu, si juu ya majani. Chumvi ya kuyeyushia barafu iwe mbali.

Heuchera au siklameni ikinyauka bila sababu, ivute. Ikitoka bila mizizi, tafuta viwavi vyeupe vilivyojikunja kwenye udongo. Ni watoto wa mdudu mweusi wa usiku. Kuna minyoo midogo inayouzwa kwa ajili ya kuviangamiza, lakini hufanya kazi udongo ukiwa juu ya nyuzi 5, hivyo iwekwe kabla ya Novemba.

Kwa walioko Minneapolis na majirani zake

Kule kanuni ya kawaida ni kwamba mmea wa chunguni uwe unastahimili kanda mbili baridi zaidi ya kanda yako (Marekani imegawanywa kwa kanda kufuatana na ukali wa baridi), na kwa Minneapolis kinachobaki ni kidogo mno. Fanya kama wenyeji. Septemba na Oktoba weka krisanthemu, kabichi ya mapambo na pansi. Zikiisha, usimwage udongo. Kabla haujaganda, kwa kawaida ndani ya Novemba, chomeka matawi yaliyokatwa: vichwa vya mspruce (mti wa jamii ya msonobari) katikati, vijiti vyekundu vya Cornus sericea nyuma yake, matawi ya msonobari na mwerezi yakiinamia ukingoni, na vijiti vya Ilex verticillata vyenye matunda mekundu. Chomeka angalau sentimita 15 kwenda chini, kisha mwagilia. Maji yataganda na kuvishika vyote imara. Chungu kisiwe cha udongo. Mapambo hayo hubaki kijani hadi Machi bila kuguswa.

Machi

Uingereza, krokasi zitakuwa zimepita na dafodili ziko juu. Kata vijiti vya Cornus alba hadi macho mawili au matatu kutoka chini, kwa sababu rangi kali iko kwenye shina la mwaka mmoja. 'Midwinter Fire' ni dhaifu zaidi, kata theluthi moja tu ya vijiti. Dafodili zikinyauka, kata maua lakini yaache majani yafe yenyewe, angalau wiki sita. Viola zing'oe zikianza kurefuka Mei, na skimmia, heuchera na erika zihamishie ardhini au kwenye chungu kingine, zikisubiri Septemba.